Kidonge cha maji kwa mwenye presha: mwongozo wa kukitumia salama Mombasa

Mtu akitoka kliniki ya presha, iwe Coast General, Tudor au Port Reitz, mara nyingi hutoka na kidonge kimoja kidogo kuliko vyote alivyopewa. Wengine hukiita dawa ya maji, wengine dawa ya kukojoza. Kwa kuwa ni kidogo na bei yake haitishi, ndicho kinachochezewa zaidi. Kinarukwa siku ya safari, kinaazimwa na jirani aliyevimba miguu, kinaachwa presha ikishuka, kisha kinarudiwa kichwa kikianza kuuma. Nafanya kazi kwenye duka la dawa na haya nayaona mara kwa mara. Yananiuma, kwa sababu dawa yenyewe ni nzuri.

Ya kwanza ya dawa hizi za maji za presha, chlorothiazide, iliingia sokoni Marekani mwaka 1958. Kabla ya hapo daktari hakuwa na mengi ya kumpa mwenye presha ambayo mwili ungeyavumilia kwa miaka. Mwaka 2002 yakatoka matokeo ya ALLHAT, utafiti uliofuatilia watu zaidi ya 33,000 wenye umri wa miaka 55 na kuendelea, na dawa kongwe ya maji, chlorthalidone, ikaonekana haipitwi na dawa mpya za bei kubwa katika kuzuia mshtuko wa moyo. Kwa hivyo bei nafuu isikufanye udhani umepewa dawa duni.

Ila dawa hii, kuliko nyingine za presha, hufuatana na namna unavyoishi. Inafanya kazi kupitia chumvi na maji, na hapa kwetu chumvi na maji ya mwili hubadilika na jua la kaskazi, na mwezi wa Ramadhani, na tumbo likiharibika. Anayejua hayo hutumia kidonge hiki miaka mingi kwa amani. Mwongozo huu ni wa mtu aliyeandikiwa na daktari. Kama hujaandikiwa, anza kliniki, usianze dukani.

Hatua ya 1: Kijue kidonge chako kwa jina

Usiseme tu "kile cheupe kidogo". Toa boksi au karatasi yake ya vidonge, tafuta jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la kampuni, ulinakili kwenye kadi yako ya kliniki. Hapa nayaandika majina kama yanavyochapishwa kwenye boksi ili uyalinganishe.

Kundi la kwanza ni Hydrochlorothiazide (hufupishwa HCTZ), Indapamide na Chlorthalidone. Hizi ndizo dawa za maji hasa za presha. HCTZ kwa kawaida ni miligramu 12.5 au 25 mara moja kwa siku. Huanza kukojoza baada ya saa mbili hivi, na nguvu hiyo hudumu kati ya saa sita na kumi na mbili. Chlorthalidone hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Kundi hili hutoa chumvi, na pamoja nayo hutoa potasiamu, madini ambayo misuli na moyo huyahitaji ili kwenda sawa.

Kundi la pili ni Furosemide, ambayo wengi huijua kwa jina la Lasix. Hii ni kali na ya haraka, huisha kwa muda wa saa sita hivi, na kazi yake kubwa ni kwa wagonjwa wa moyo uliochoka au figo zilizodhoofika. Kwa presha ya kawaida si chaguo la kwanza. Nayo hutoa potasiamu.

Kundi la tatu ni Spironolactone na Amiloride. Hizi hutoa maji lakini huizuia potasiamu isitoke. Kwa hivyo mashauri ya chakula anayopewa mtu wa HCTZ yanaweza kumdhuru mtu wa spironolactone. Nikiombwa niseme jambo moja tu katika mwongozo huu, ningesema hili: ujue kama kidonge chako kinatoa potasiamu au kinaibakisha. Nusu ya maswali mengine yanajibiwa hapo.

Sasa tazama boksi la dawa yako nyingine ya presha. Likiwa na herufi H, HCT au neno Plus baada ya jina, kama Losartan-H, uliza mara moja. Mara nyingi maana yake dawa ya maji imeshachanganywa humo ndani. Ukiongeza HCTZ ya pekee juu yake, utakuwa unameza mara mbili bila kujua. Hili hutokea sana mgonjwa akihudumiwa sehemu mbili, mathalani hospitali ya kaunti na kliniki ya mtaani, na kila upande haujui mwenzake alichoandika. Enda na maboksi yote kila mara, hata yale ya dawa ulizoacha.

Hatua ya 2: Mwambie daktari haya kabla ya kumeza cha kwanza

Mwambie kama una kisukari, kwa sababu HCTZ inaweza kupandisha sukari kidogo. Mwambie kama una jongo, yale maumivu makali ya kidole gumba cha mguu, kwani dawa hizi huongeza asidi inayoyaleta. Mwambie kama figo zimewahi kuonekana na shida, na kama unatumia digoxin ya moyo au lithiamu ya maradhi ya akili. Digoxin huwa hatari potasiamu ikishuka. Lithiamu hujikusanya mwilini ukitumia dawa ya maji.

Kama septrini au Fansidar iliwahi kukutoa vipele, malengelenge au kukuvimbisha uso, lisemwe hilo. Kemikali za dawa hizi zina undugu wa mbali. Si kila aliyedhuriwa na salfa atadhurika hapa, lakini daktari anataka kujua kabla, si baada.

Mama mjamzito, au anayetarajia, aseme. Presha ya ujauzito hutibiwa kwa dawa nyingine kama methyldopa au nifedipine, na miguu kuvimba ujauzitoni haitibiwi kwa kidonge cha maji. Losartan na jamaa zake ni hatari kwa mtoto tumboni, basi mwenye Losartan-H akihisi siku zimempita aende kliniki upesi, asisubiri tarehe yake.

Hatua ya 3: Chagua saa, uishike

Asubuhi ndiyo saa yake. Ukimeza jioni utaamka usiku mara tatu au nne, na mtu mzima anayekimbilia choo gizani akiwa na usingizi ndiye anayeteleza na kuvunjika nyonga. Wengi hapa huona wepesi kumeza baada ya swala ya Alfajiri au pamoja na kiamsha kinywa, mradi iwe saa ileile kila siku.

Ukisahau na bado ni kabla ya mchana kwisha, meza. Ukikumbuka jioni, acha hadi kesho. Usimeze viwili kufidia.

Suala la safari linanigusa, kwa kuwa ndilo linalowafanya watu wengi waache dawa kimyakimya. Mtu anaogopa foleni ya feri Likoni, anaogopa matatu ya Mtwapa iliyokwama, anaogopa basi la Nairobi. Huna haja ya kuruka siku nzima. Kidonge kinaweza kusogezwa saa chache, ukakimeza ukifika, maadamu bado ni mchana. Dereva wa lori au mfanyakazi wa bandarini mwenye zamu za usiku azungumze na daktari wake apangiwe saa inayolingana na kuamka kwake, kwa sababu "asubuhi" yake huenda ikawa saa kumi jioni.

Hatua ya 4: Wiki za mwanzo

Siku za kwanza utakojoa zaidi. Ni kazi ya dawa. Baada ya wiki kadhaa mkojo hurudi karibu na kawaida, na hapo wengi husema dawa imeisha nguvu. La. Mwanzoni presha hushuka kwa sababu maji yamepungua, baadaye kwa sababu mishipa imelegea. Nguvu kamili huonekana kati ya wiki mbili na nne, kwa hivyo usiihukumu baada ya siku tatu.

Kizunguzungu unapoinuka ghafla ni jambo la kawaida. Ukiamka, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, chezesha miguu, kisha simama ukiwa umeshika kitu. Kwa anayeswali, inuka polepole kutoka kwenye sijida. Akina nyanya na babu wasione haya kuswali wakiwa wameketi kitini siku ambazo kichwa ni chepesi. Kikizidi, pima presha umekaa, kisha simama, upime tena dakika ya kwanza na dakika ya tatu. Ile namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mpelekee daktari namba zote.

Kupima nyumbani kuna adabu zake. Nenda haja kwanza. Kahawa, sigara na kazi nzito ziwe zimepita nusu saa. Kaa dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya kanzu au dera. Pima mara mbili, upishe dakika moja, andika zote. Mashine ya mkono wa juu ni bora kuliko ya kifundo cha mkono. Nyumbani, wastani wa 135/85 na zaidi bado ni presha ya juu, ingawa hospitalini mstari ni 140/90. Asiye na mashine amuulize mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wake. Mikoba waliyogawiwa wahudumu hao mwaka 2023 ina mashine ya presha.

Hatua ya 5: Damu ipimwe

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na ndipo pasipofaa kukwama. Mashine ya presha haiwezi kukwambia potasiamu ikoje. Kipimo kinaitwa UEC. Huonyesha kazi ya figo na chumvi za damu. Kifanywe kabla ya kuanza dawa, tena ndani ya wiki moja hadi nne baada ya kuanza au kubadilishiwa kipimo, kisha angalau mara moja kwa mwaka. Wenye figo dhaifu, wazee, na wanaotumia spironolactone hupimwa mara nyingi zaidi.

Ukipewa majibu, tafuta mistari miwili. Potasiamu kwa kawaida ni 3.5 hadi 5.0. Sodiamu ni 135 hadi 145. Potasiamu ikishuka utasikia misuli kuchoka, mikazo ya miguu usiku, tumbo kufunga, moyo kurukaruka. Ikipanda sana unaweza usisikie kitu, na moyo ukasimama. Ndiyo maana nasisitiza kipimo na si hisia.

Sodiamu nayo ina hila yake. Inaposhuka, hasa kwa mama mtu mzima mwenye mwili mdogo, dalili ya kwanza yaweza kuwa kuchanganyikiwa, kichefuchefu, na kusahau mambo ya juzi. Watu wa nyumbani husema ni uzee. Kama bibi yenu ameanza kidonge cha maji mwezi huu, na mwezi huuhuu ameanza kupotea njia ya kwenda dukani, msikae. Apimwe damu. Na msimlazimishe kunywa malita ya maji eti "dawa inakausha", kwani maji mengi kupita kiasi huishusha sodiamu hata zaidi.

Hatua ya 6: Chumvi na chakula cha Pwani

Kidonge kinatoa chumvi, wewe unairudisha mezani. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja kidogo cha chai, ukihesabu hata ile iliyomo ndani ya vyakula vya kununua. Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: anayekula chumvi nyingi huku anameza HCTZ hupoteza potasiamu nyingi zaidi. Figo zikiletewa chumvi nyingi nazo zimeamrishwa kuitoa, potasiamu hutoka nayo.

Chumvi yetu haiko kwenye kikopo pekee. Iko kwenye ng'onda na papa mkavu. Ukivipenda, roweka usiku kucha na ubadilishe maji, na bado vile kidogo. Iko kwenye achari, kwenye vidonge vya mchuzi, kwenye krispi za mhogo pale Lighthouse, kwenye embe bichi la chumvi na pilipili. Mwambie muuzaji akupe pilipili na ndimu tu. Ukishazoea ladha, ile ya chumvi itakushinda. Iko kwenye magadi yanayotiwa kulainisha maharagwe, kwani magadi ni sodiamu vilevile. Iko hata kwenye maji: mitaa mingi ya Mombasa inategemea visima, na maji yenye ladha ya chumvi yasipikiwe wala kunywewa na mwenye presha kama anaweza kupata maji matamu.

Sasa madafu. Naulizwa kuhusu madafu kuliko chakula kingine chochote. Dafu moja linaweza kuwa na potasiamu kuliko ndizi moja. Kwa mtu wa HCTZ au indapamide mwenye figo nzima, dafu la mchana ni zuri, sawa na ndizi, machungwa, mchicha, mbaazi, viazi vitamu na tende. Kwa mtu wa spironolactone, au mwenye figo mbovu, au anayechanganya dawa ya maji na losartan au enalapril, dawa za presha ambazo nazo huibakisha potasiamu, madafu ya kila siku yanaweza kuipandisha potasiamu hadi kiwango cha hatari. Huyu asinywe kwa mazoea kabla ya kuulizia kipimo chake cha damu. Wauzaji barabarani husema dafu "linashusha presha", na wanasema kwa nia njema, lakini hawajui umemeza nini asubuhi.

Vivyo hivyo chumvi mbadala inayouzwa kwa wenye presha: nyingi zina potasiamu kwa wingi. Mtu wa kundi la tatu asiiguse.

Mwenye kisukari apunguze tende na ndizi mbivu, kwa sababu ya sukari. Atumie mchicha, mbaazi na maharagwe.

Hatua ya 7: Joto, na tumbo la kuhara

Miezi ya kaskazi, hasa Januari hadi Machi, mtu hutoka jasho hata amekaa barazani. Jasho nalo ni maji na chumvi. Fundi wa mjengo Bamburi, kuli wa Kilindini, mama anayepika chapati juu ya jiko la makaa kutwa, hawa wanapoteza njia mbili kwa pamoja. Kunywa maji kidogo kidogo kutwa, fuata kiu yako na rangi ya mkojo. Mkojo ukiwa kama chai ya rangi, umechelewa. Aliyepangiwa kiwango cha maji kwa ajili ya moyo au figo afuate kile cha daktari. Presha ikianza kusoma chini kuliko kawaida yako msimu wa joto, na kichwa kinazunguka, rudi kliniki. Huenda kipimo kikapunguzwa kwa muda.

Kutapika na kuhara ni dharura ya aina yake. Siku umeendesha mara nyingi na chakula hakikai, kuendelea kumeza kidonge cha maji kunaweza kuzifunga figo, hasa ukimeza pia losartan au enalapril. Metformin ya kisukari nayo huwa hatari figo zikifunga. Muulize daktari leo, ungali mzima: "Nikihara, niache zipi, kwa siku ngapi?" Kwa wengi jibu ni kusimamisha kwa muda, kunywa maji ya ORS, na kurudia dawa saa 24 hadi 48 baada ya kuanza kula na kunywa vizuri. Akuandikie kwenye kadi. Mgonjwa wa moyo asijiamulie, apige simu kwanza. Na kukiwa na tetesi za kipindupindu mtaani, usijitibu nyumbani.

HCTZ pia huifanya ngozi iungue na jua kwa wepesi. Mwaka 2018 wadhibiti wa dawa wa Ulaya walitoa onyo kwamba matumizi ya miaka mingi huongeza hatari ya aina fulani za saratani ya ngozi, zaidi kwa ngozi nyeupe. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao jua la Pwani tayari ni adui, ningependa wamwombe daktari dawa ya kundi jingine.

Hatua ya 8: Ramadhani

Usingoje mwezi uandame. Enda kliniki Shaabani haijaisha, au mapema zaidi, uulize mambo mawili: je, niko katika hali ya kufunga, na kidonge nikihamishie wapi?

Kufunga hapa ni saa kumi na tatu na zaidi bila tone la maji. Ukimeza dawa ya maji wakati wa daku, itakukojoza asubuhi yote, na huna cha kurudishia hadi magharibi. Kwa hiyo madaktari wengi huihamishia baada ya futari, ili maji yanayotoka yapate mengine ya kuyafidia kabla ya daku. Utaamka usiku kidogo zaidi, lakini usiku wa Ramadhani watu wako macho hata hivyo. Wengine hupunguziwa kipimo au kubadilishiwa dawa kwa mwezi huo. Lolote liwe, litoke kwa daktari, na presha ipimwe mara nyingi wiki ya kwanza.

Futari ndiyo mtihani. Sambusa, katlesi, viazi karai, mchuzi uliokolea, vyote meza moja. Anza na tende na maji, chukua uji, na chumvi ipunguzwe kwenye chungu cha wote, maana ukipikiwa chako peke yako utakiacha. Gawanya maji kati ya futari na daku, usiyabugie kwa mpigo mmoja kabla ya adhana.

Anayetumia furosemide kwa vipimo vikubwa, mwenye figo mbovu, au aliyelazwa hivi karibuni kwa moyo, mara nyingi huambiwa asifunge. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185. Ukiwa umefunga na ukazirai, ukachanganyikiwa, au namba ya juu ya presha ikasoma chini ya 90 huku kichwa kinazunguka, fungua.

Hatua ya 9: Vitu vinavyogombana na dawa hii

Dawa za maumivu zinaongoza. Ibuprofen na diclofenac hushikilia chumvi mwilini, hupandisha presha, na zikikutana na dawa ya maji pamoja na losartan au enalapril, figo hushambuliwa pande tatu. Mgongo ukiuma, omba parasetamo kwanza, na mwambie anayekuhudumia dukani kwamba una presha kabla hajakupa chochote, hata sindano.

Sanamaki ni ya pili, na sisikii ikitajwa kliniki. Watu huichemsha kusafisha tumbo. Inaharisha, na kuhara hutoa potasiamu. Juu ya HCTZ ni hasara juu ya hasara. Mlonge, habasoda na kitunguu saumu havikatazwi jikoni, lakini visichukue nafasi ya kidonge, na ukivitumia kwa kipimo cha dawa, useme. Muguka na miraa huupa moyo mbio na kupandisha presha. Dawa itakuwa inavutana navyo kila siku.

Hatua ya 10: Miguu iliyovimba, na dawa ya kuazima

Mama mmoja mtu mzima aliinua buibui kidogo mbele ya kaunta, akabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole. Shimo likabaki.

"Mwanangu, nipe ile Lasix. Jirani yangu anatumia, imemfaa."

"Pole, mamangu. Wewe unameza kidonge gani cha presha?"

Akatoa kwenye kibindo kipande cha amlodipine kilichokatwa na makasi. "Hiki. Zamani nilikuwa cha tano, wamenipandisha cha kumi."

"Na miguu imeanza lini?"

Akafikiri. "Ni hapohapo, walipokipandisha."

Amlodipine hulegeza mishipa midogo hadi maji huvuja miguuni. Mwili hauna maji ya ziada, yamehama tu mahali. Kumpa furosemide ni kumkausha bila kuuondoa uvimbe. Dawa yake ni kupunguziwa amlodipine au kuongezewa dawa ya namna nyingine, na hilo ni la daktari. Alirudi kliniki na karatasi niliyomwandikia, hakununua kitu.

Uvimbe wa mguu mmoja tu, wenye joto na maumivu, ni jambo jingine kabisa. Waweza kuwa damu iliyoganda, nenda siku hiyohiyo. Uvimbe wa miguu yote pamoja na kukosa pumzi ukilala chali waweza kuwa moyo. Wala usimeze dawa ya maji kupunguza mwili kabla ya harusi. Kinachopungua kwenye mizani ni maji, si mafuta, na kinarudi.

Kuhifadhi na kununua

Unyevu wetu huharibu vidonge. Viache ndani ya karatasi yake hadi saa ya kumeza, pahali pakavu penye kivuli, si chooni, si dirishani, si kwenye gari. Indapamide ya kutolewa polepole, yenye alama SR, isivunjwe. Nunua kwenye duka lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu iliyotundikwa ukutani, soma tarehe ya kuisha, na ununue kabla cha mwisho hakijaisha.

Lini usisubiri tarehe ya kliniki

Nenda hospitali mara moja ukizirai, ukichanganyikiwa, moyo ukirukaruka bila kutulia, misuli ikilegea hadi kusimama ni kazi, au usipokojoa nusu siku. Nenda pia ngozi ikitoa malengelenge, uso ukivimba, au jicho likiuma ghafla na kuona ukungu. HCTZ inaweza, kwa nadra, kupandisha shinikizo la jicho ndani ya saa au wiki chache, na jicho huokolewa likiwahiwa. Presha ya 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, mdomo kupinda au mkono mmoja kulegea ni dharura hata ukiwa umemeza dawa zako zote.

Anayekusindikiza abebe maboksi yote ya dawa, kadi ya kliniki na daftari la presha, na ajue saa uliyomeza kidonge cha mwisho. Hilo ni miongoni mwa maswali ya mwanzo utakayoulizwa pale kitengo cha dharura.